Spika Huzimwa Penye Msiba

Msinisogezee kitu mdomoni kama mnanilisha uji. Hilo ndilo la kwanza nililomwambia Jesca siku aliponijia na simu yake, na ndilo la kwanza ninalowaambia nyie wanangu mnaoanza kazi ya kuwasemea wagombea. Sauti inataka nafasi. Kipaza sauti kikiwa karibu mno, watu husikia pumzi na mate, maneno hawayasikii. Kiweke chini kidogo ya kidevu, upana wa kiganja hivi, halafu useme kama unamwita jirani aliye ng'ambo ya shamba la migomba. Usiseme kama unafukuza mbuzi.

Jina langu ni Konsolata, lakini kuanzia Rusumo mpaka Biharamulo wananiita Mama Tangazo. Kazi yangu, mpaka koo liliponiambia basi, ilikuwa kukaa kiti cha mbele kwenye gari lenye spika mbili juu ya paa, na kuwaambia watu nani anakuja, anakuja wapi, lini, na kwa nini watoke nyumbani. Nimewatangaza wa vyama vyote, walioshinda na walioangukia pua. Sikuwa wa mtu. Kampeni zikiisha nilitangaza chanjo, harambee ya kanisa, na ng'ombe aliyepotea. Yote hayo watu waliyapokea, kwa sababu nikisema gari la chanjo linakuja kesho, kesho linakuja.

Na ilibaki kidogo tu, nikiwa nimeshastaafu na kujikalia zangu kijijini Kirushya na migomba yangu, jina hilo lipotee asubuhi moja tu. Lilitaka kupotea kwa maneno ambayo sikuyasema, kwa sauti yangu mwenyewe. Nilikuwa sijawahi kuogopa hivyo. Nimetulia sasa, ndiyo maana naweza kuwasimulia na kucheka, lakini siku ile, wanangu, sikucheka.

Ngoja kwanza. Nikianza na siku ile hamtaelewa kwa nini niliokoka.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Gaspari, dereva na fundi wa vyombo kwa pamoja. Mtu mfupi, mkali, mwenye kofia ya sufu hata juani. Yeye hakuniambia hata siku moja kwamba nina sauti nzuri. Alikuwa ananiambia, "Leo umesikika," basi, hapo nimepewa zawadi. Kwake sauti nzuri ilikuwa ya kwaya. Sisi tulitakiwa kusikika.

Huku kwetu Ngara ni vilima. Ukisimamisha gari bondeni unajitangazia mwenyewe na vyura. Mzee Gaspari alikuwa analipandisha mpaka begani mwa kilima, analigeuza, spika zinaangalia kilima cha pili, ndipo ananipa ishara. Halafu sheria yake: sentensi moja, kisha nyamaza. Maana kilima cha pili kitakurudishia maneno yako, na ukiendelea kusema kabla hakijamaliza, maneno yanagongana hewani na kule chini kwa watu inafika kelele tupu. Alikuwa anasema, "Acha kilima kimalize."

Kuna mgombea mmoja alitoka mjini, mtu wa nchi tambarare, hajawahi kusemea vilimani. Tukampa kipaza sauti hapa hapa Kirushya. Akanguruma, "Nitawaletea maendeleo!" Kilima kikajibu, "Maendeleo!" Akasita. Akasema tena, kwa nguvu zaidi, "Sitawasahau!" Kilima nacho, "Sitawasahau!" Loo, yule bwana alikasirika! Akageuka kwetu, jasho linamtoka, akauliza mpinzani wake kaweka watu gani kule ng'ambo wa kumkejeli.

"Mheshimiwa, hicho ni kilima," Mzee Gaspari akamjibu.

"Kiambieni kinyamaze!"

"Hicho hakinyamazi. Wewe ndiye unyamaze kidogo, kikimaliza uendelee."

Watu waliokaa kwenye majani walicheka mpaka wakashika mbavu. Na kipaza sauti kilikuwa kinafanya kazi, kwa hiyo kilima nacho kikacheka. Mpaka leo nikimwona mtu anapiga maneno mfululizo kwenye simu bila kupumua, namkumbuka yule bwana.

Sasa ile ya Rusumo lazima niwape, maana nyie ndio mnaihitaji kuliko mtu yeyote. Siku moja tulipeleka mgombea karibu na mpaka, kule ambako malori hupanga foleni kusubiri kuvuka. Nikatangaza mara moja tu, watu wakamiminika. Jamani, umati! Mgombea akaniambia, "Mama Tangazo, leo umevunja rekodi." Akahutubia kwa raha zake, akapigiwa makofi, wengine wakapiga honi za malori. Siku ya kura akapata pale kura za kuhesabu kwa vidole. Alipokuja kulalamika kwamba ameibiwa, Mzee Gaspari akamwuliza kama alimsalimia hata mmoja wa wale watu. Kumbe walikuwa madereva wa nchi za watu. Walikuwa wamechoka kukaa kwenye foleni, wakasikia kelele, wakaja kupoteza muda. Hakuna hata mmoja mwenye kura hapa.

Basi siku Jesca aliponionyesha kwenye simu yake namba kubwa kubwa za watu waliotazama video, akisema, "Mama mkubwa, ona, tumefika mbali," nilimwuliza kitu kimoja tu: wangapi kati ya hawa ni wa Rusumo? Hakunielewa. Nikamsimulia. Alicheka, kisha akaanza kuangalia upya wale watu wanatoka wapi. Siku hizi na yeye anasema hivyo hivyo kwa wenzake, "Hao ni wa Rusumo."

Jesca ni binti wa mdogo wangu. Alisoma Mwanza, akarudi, na kazi yake ndiyo hiyo yenu: anashika simu ya mgombea, anapiga picha, anakata video, anaingiza maneno kwenye magrupu ya WhatsApp. Mwanzoni nilimwona kama mtu anayecheza. Mie nilizoea kazi inayokuachia vumbi kwenye meno. Yeye anakaa kivulini, kidole kinakwenda, amemaliza vijiji vyote kabla chai yangu haijapoa. Nikasema moyoni, hii si kazi, huu ni uvivu uliopakwa poda.

Nilikuwa nimekosea, nakiri wazi. Spika yangu ilikuwa inasema na kupita. Mtu akiwa na swali, analimeza pamoja na vumbi. Lakini nilimwona Jesca akisikiliza ujumbe wa sauti wa mama mmoja kutoka pande za Keza, anamwuliza mgombea kwa hasira: kile kivuko cha mtoni watoto wataendelea kukivuka kwenye gogo mpaka lini? Na mgombea akalazimika kumjibu, kwa jina, kwenye grupu, wenzake wote wanasikia. Miaka yote niliyopanda lile gari sikuwahi kuona mama wa shambani akimsimamisha mwanasiasa namna hiyo. Nilifurahi. Nilimwambia Jesca, hapo mmetuzidi.

Ila kuna jambo moja tuligombana, na ndilo lenyewe.

Mzee Gaspari alikuwa haingii kijiji bila kuuliza kuna msiba. Alikuwa anasimamisha gari penye nyumba ya kwanza au kwa kinyozi, anashuka, anasalimia, anauliza: kuna aliyetutoka hapa? Wa nyumba gani? Iko upande upi wa njia? Akirudi ananiambia, na tangazo linaanza na pole. "Ndugu zetu, poleni sana kwa msiba wa fulani, tuko pamoja na familia." Baada ya hapo ndiyo unasema mengine. Na tukiikaribia ile nyumba, spika inazimwa kabisa, gari linapita linanyata, mpaka tuipite mbali ndipo tunawasha. Watu walizoea. Wakisikia spika imekata ghafla wanajua tumefika penye msiba. Kuna waliopata habari ya kifo kwetu, wakaacha jembe wakaenda.

Mgombea mmoja alitaka kutubishia, kule Biharamulo. Ratiba yake ilikuwa imebana, akasema tusizime, tupige muziki tupite haraka, wafiwa wataelewa. Mzee Gaspari hakubishana naye. Alisimamisha gari, akazima injini, akachomoa funguo akazitia mfukoni, akaenda kwa miguu mpaka kwenye nyumba ya msiba akaketi na wanaume wenzake. Mgombea akabaki ndani ya gari na mimi, anatazama saa, anatazama mlango, anatazama saa. Mwisho akatoka. Nikamwona anavua kofia ya chama, anaikunja, anaiweka mfukoni, anaingia. Hakuhutubia popote siku ile. Jioni, tukirudi, aliniambia kwa sauti ya chini kwamba marehemu alikuwa na umri wa baba yake.

Tangu hapo ikawa ndiyo kazi yetu. Mzee Gaspari alipofariki, na kwangu mimi hapo ndipo niliposikia spika ya dunia nzima imezimwa, niliendelea hivyo hivyo na madereva wengine. Wengine walilalamika. Niliwaambia washuke niendeshe mwenyewe, na mimi kuendesha sijui, kwa hiyo walinyamaza.

Sasa huo uchaguzi. Ulikuwa uchaguzi mdogo wa udiwani, kata sitaitaja, ukifika Keza ukauliza utaonyeshwa njia. Mgombea wa Jesca alikuwa mama anaitwa Teopista, mkulima wa maharage, mama asiye na maneno mengi, na neno lake kubwa lilikuwa kile kivuko. Nilikuwa nimeshaapa siasa basi. Lakini Jesca akaja nyumbani na ndizi zake na maneno yake matamu: "Mama mkubwa, moja tu. Tangazo la mkutano wa mwisho. Wazee wa kule wanaijua sauti yako, wakikusikia watatoka."

Nikamwuliza swali la Mzee Gaspari: huko kuna msiba?

Akapiga simu. Upo. Mzee Anselmi, aliyekuwa katekista kwa miaka mingi, ametoka kuzikwa, na watu bado wamekaa kwake. Mjane wake ni Mama Veneranda, ninamfahamu, amenizidi umri, ni mama wa kunyooka na maneno yake. Basi nikaanza tangazo langu: ndugu zetu, poleni sana kwa msiba wa Mzee Anselmi, pole Mama Veneranda na watoto. Ndipo nikaingia kwenye mkutano wa Teopista.

Jesca akasikiliza, akauma mdomo.

"Mama mkubwa, ni nzuri. Ila hii pole tuikate. Watu kwenye simu hawangoji. Kama jambo halijaanza mara moja, kidole kimeshapita."

"Kidole cha nani? Cha wafiwa?"

"Cha watu wote. Ndivyo ilivyo siku hizi."

"Basi ukate na sauti yangu, uweke ya kwako."

Tulivutana pale mpaka maziwa yakachemka yakamwagika jikoni. Yeye anasema mambo yamebadilika, mimi nasema kufa hakujabadilika. Mwisho akaiacha kama ilivyo, kwa kuniheshimu tu, nilimwona usoni kwamba ameona mzee anamharibia kazi. Mkutano ukafanyika, watu wakaja, nikajua yangu yamekwisha.

Asubuhi, siku moja kabla ya kura, nilikuwa napalilia. Simu ikalia, sauti ya mwanamume nisiyemjua: "Mama Tangazo, nani kakununua?" Akakata. Kabla sijaelewa, ikaja nyingine, mama analia. Kisha Jesca: "Mama mkubwa, usipokee simu ya mtu. Sikiliza kwanza hii."

Nikasikiliza. Wanangu, nilijisikia mwenyewe. Sauti yangu, na ule mkwaruzo wa mwisho wa neno, na kule kunyamaza kwa kungojea kilima. Inasema: "Ndugu wananchi, ni mimi Mama Tangazo. Mgombea wetu Teopista amejitoa kwa sababu za kiafya. Kesho pumzikeni nyumbani, endeleeni na shughuli zenu za shamba."

Nilikaa chini kwenye maharage. Kwa muda kidogo nilijiuliza mimi mwenyewe nilisema lini haya. Mnaona uovu wake? Nilitaka kuamini kwamba nimechanganyikiwa kabla ya kuamini kwamba si mimi. Jesca akanieleza kwamba siku hizi kuna programu, ukiilisha sauti ya mtu inajifunza, kisha unaiandikia chochote inakisema. Na sauti yangu imejaa kwenye simu za watu, kwenye harusi, kwenye harambee, na kwenye lile tangazo la mkutano. Nani kafanya, mpaka leo sijui, na sibahatishi, maana sina ushahidi wa mtu.

Nikampigia Teopista; alikuwa mzima wa afya, anachemsha viazi kwake. Jesca akanirekodi haraka nikikana: mimi Konsolata nasema ile si sauti yangu, Teopista hajajitoa. Akaituma kila mahali, yeye akakimbilia ofisi ya msimamizi wa uchaguzi ili watoe tamko. Alifanya vizuri sana, hakupoteza hata dakika. Lakini nilikaa pale nikawaza: sasa watu wana sauti zangu mbili kwenye simu. Moja inasema kajitoa, moja inasema hajajitoa. Zote ni mimi. Watajuaje?

Nikavua gumbuti, nikavaa viatu, nikaita bodaboda. Maneno ya sauti yangu nitakwenda kuyakana kwa uso wangu.

Aliyekuja ni Athumani, mtu mzima wa Biharamulo anayeendesha huku kwetu, ndevu zimeanza mvi. Ananijua vizuri. Nikapanda, akaondoka, halafu bila kugeuka akaniuliza:

"Mama, kwani yule mgombea wenu anaumwa nini?"

"Haumwi! Athumani, ile si mimi!"

"Nimesikia kwa masikio yangu."

"Na ya pili hukuisikia, nikikana?"

"Nimeisikia. Sasa nimwamini nani, wewe au wewe?"

Nilitaka kumpiga kofi mgongoni, nikaogopa tusianguke. Nikamwambia, niangalie, mimi ndiye huyu, nimekaa nyuma yako! Akasema barabara ni mbaya, hawezi kugeuka. Tukaenda hivyo hivyo tunabishana, yeye ana wasiwasi, mimi nina machozi, pikipiki inaruka mashimo. Kwenye njia panda, penye duka, mwanamume aliyekaa kwenye benchi aliniona akasimama akapaza sauti, "Mama Tangazo, umetuuza!" Neno hilo liliniingia kifuani likabaki humo. Miaka yote ya kuwaambia watu ukweli, chanjo, ng'ombe, mikutano, halafu mtu ananiambia nimeuza.

Nikawa nahesabu moyoni madhara. Akina mama wa ng'ambo ya mto, ambao ndio wenye shida na kivuko, ndio wanaonisikiliza kuliko wote. Wakibaki nyumbani, Teopista kaanguka, gogo litabaki pale pale, na mimi ndiye nitakuwa nimewafungia mlango. Hakuna atakayesema programu. Watasema Konsolata.

Matokeo nawapa sasa hivi, maana najua nyie mnapenda kuruka mbele kama kwenye video. Watu walitoka, foleni ilikuwa ndefu mpaka nje ya uwanja wa shule, na Teopista alishinda. Kivuko kimewekwa mbao, na reli ya kushikia. Ila mimi juu ya ile pikipiki nilikuwa siyajui hayo, na mkiyaruka haya yaliyobaki mtakuwa hamjajifunza kitu.

Nilijua pa kwenda. Mahali penye watu wengi siku ile hapakuwa sokoni wala kwenye ofisi ya chama. Palikuwa kwa marehemu Mzee Anselmi. Nikamwambia Athumani anishushe pale.

Aliizima pikipiki mbali kidogo na ua, akaisukuma kwa mkono. Hilo nilikuja kulikumbuka baadaye. Mimi nilishaingia. Akina mama walikuwa wamekaa kwenye mikeka chini ya turubai, Mama Veneranda katikati, kanga begani, rozari mkononi. Nikasimama mbele yao nahema, kitambaa kimeninasia shingoni, nikaanza kumwaga maneno kama yule bwana wa vilima, bila kupumua.

"Jamani nisikilizeni, ile sauti kwenye simu si yangu, nawaapia, wameitengeneza kwa mashine, Teopista hajajitoa, ni mzima, nimetoka kuongea naye, kesho nendeni mkapige kura, mimi sijanunuliwa na mtu, Mungu ananiona, kama hamniamini—"

"Konsolata," Mama Veneranda akasema.

Nikakivuta kile kitambaa shingoni.

"Tunajua si wewe."

Nikamwangalia, nikamwangalia na jirani yake. Wote wamekaa tu, wametulia, mmoja anachambua maharage.

"Mmejuaje?" nikauliza.

"Binti yangu alitusikilizisha asubuhi, hapa hapa. Wengine wakaanza kusema, eh, Teopista kajitoa. Mimi nikawaambia, ngojeni. Rudisha, tusikilize tena. Tukasikiliza. Imeanza, imeongea, imemaliza." Akageuza rozari mkononi. "Haikutupa pole. Konsolata gani huyo anayejua kumtangaza Teopista, asijue Anselmi amekufa? Nikamwambia binti yangu aandike kwenye grupu kwamba huyo ni mwongo, kesho tunakwenda."

"Na tumeshawaambia wa ng'ambo ya mto," mama wa maharage akaongeza, bila hata kuinua kichwa.

Nawaambieni, nilihisi mtu kanitua gunia lililonibana tangu shambani. Nilicheka, nikalia, vyote kwa wakati mmoja, katikati ya msiba wa watu. Yule aliyetengeneza ile sauti alinichukua mkwaruzo, akanichukua mpaka kunyamaza kwangu. Pole akaitupa, kwa sababu na yeye aliona inapoteza muda. Jesca nilipomsimulia alijishika mdomo, akasema, "Mama mkubwa, nami ningeikata." Nikamwambia lakini hukuikata, mwanangu, na lile tangazo la mkutano lisingekuwa na pole, ile sauti ya uongo wangeipimia nini? Kazi hiyo tuliifanya wawili.

Lakini hapo nimeruka mbele, na nimewakataza nyie kuruka. Turudi mkekani.

Nilikuwa nimesimama bado, nafuta macho na kitambaa, nashukuru Mungu, nashukuru grupu, nashukuru kila mtu, nataka kuanza tena kueleza habari ya mashine. Mama Veneranda akaninyooshea kidole.

"Na wewe je?"

"Mimi nini, mama?"

"Umeingia humu kwangu hukutoa shikamoo. Hukutoa pole. Umeanza moja kwa moja na uchaguzi." Akawageukia wenzake. "Au na huyu katoka kwenye simu?"

Wakacheka, wale akina mama, wakacheka na kanga midomoni, na mjane mwenyewe akacheka mpaka machozi yakamtoka, nadhani yalikuwa yanangoja njia. Hata Athumani, nyuma yangu, alicheka akasema, "Sasa nimeamini."

Nilipiga magoti pale chini. Aibu ilinishika, aibu tamu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Poleni sana kwa msiba wa Mzee Anselmi. Pole mama, wewe na watoto."

"Tumeshapoa," Mama Veneranda akasema, akasogea kunipa nafasi mkekani. "Sasa ndiyo wewe. Haya, tangaza."

Nikafungua mdomo, na kumbe sikuwa na tangazo lolote lililobaki. Nikakaa katikati yao, nikapewa kikombe cha uji, nikanywa.